Kwa Herufi Kubwa

Ofisini walimwita Mama Mkato, naye aliitika bila kinyongo. Jina hilo lilikuwa na sababu mbili za kweli na moja ya mzaha. Kwanza, alikuwa mwandishi wa hatimkato, mmoja wa wachache waliobaki serikalini wanaoweza kumfuata msemaji kwa kalamu, neno kwa neno, bila kumwomba arudie. Pili, alikuwa mgomvi wa alama ya mkato: barua isiyo na mkato mahali pake ilirudi kwa mwenyewe imezungushiwa wino mwekundu. Sababu ya tatu waliiongeza wenye utani, kwamba tangu azaliwe mama yule hajapita njia ya mkato. Ukimtuma orofa ya tatu akachukue sahihi, atajiandikisha kwanza kwenye kitabu cha wageni cha orofa ya tatu, na mlinzi wa pale ni shemeji yake, na chai ya asubuhi wamekunywa pamoja.

Walimcheka, lakini hawakujua alikotokea. Alipokuwa msichana wa miaka ishirini na minne, kazi yake ya kwanza ilikuwa mahakamani. Siku moja mshtakiwa mmoja, fundi seremala aliyegombana na jirani yake, alisimama kizimbani akasema maneno machache tu: "Sikumpiga. Kwa hasira nilitoka nje." Msichana, kwa haraka na kwa kutaka ukurasa upendeze, akahamisha nukta. Kwenye kumbukumbu ikasomeka: "Sikumpiga kwa hasira. Nilitoka nje." Hebu zisome tena zote mbili. Seremala wa kwanza hakumgusa mtu. Wa pili alimpiga, tena kwa utulivu wake, kisha akatoka zake nje. Hakimu alipokaa kuandika hukumu wiki tatu baadaye alimsoma huyo wa pili, na fundi wa watu akala miaka saba.

Nukta ile iligunduliwa kwenye rufani, mwaka wa nne. Msichana hakufukuzwa kazi, aliambiwa tu awe mwangalifu. Seremala alitoka akiwa hana karakana wala mke. Hakuna aliyemwambia msichana aende kumwomba radhi, naye hakwenda. Ila tangu hapo hakugusa tena neno la mtu. Mtu akikohoa, aliandika kwamba amekohoa. Mtu akisema "eeh" mara sita, zilihesabiwa sita. Mawaziri walimsihi awanyooshee sentensi zao zilizopinda, akawajibu kwa adabu kwamba kazi yake ni kuandika, kunyoosha ni kazi ya pasi.

Alipofika miaka hamsini na tisa, mjane, amebakiza miezi minane kustaafu, serikali iliunda jopo la wataalamu la kuishauri namna ya kupambana na uhalifu wa magenge. Mnajua majopo yanavyozaliwa. Kwanza watu wadogo wanalalamika, kisha watu wadogo wanakufa, kisha mtu mkubwa anaguswa, ndipo linaundwa jopo. Hili lilikuwa na watu watano. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mzee wa sauti ya chini aliyefuta miwani yake kila alipotaka kufikiri. Alikuwapo profesa aliyeandika vitabu viwili kuhusu magenge na, kwa maneno yake mwenyewe, hajawahi kumwona mtu wa genge hata mmoja. Waliobaki watatu walikuwa wataalamu wa kunyamaza. Kazi za ofisi zilikuwa chini ya Katibu, kijana wa miaka thelathini na kitu, suti imembana, heshima tele, aliyeazimwa kutoka wizarani kama alivyoazimwa Mama Mkato.

Walipewa chumba kilichokuwa maktaba. Meza nne za vimo tofauti ziliunganishwa zikawa moja, kwa hiyo glasi ya maji ukiiweka kwenye kiungo inamwagika. Feni iligonga kila ilipozunguka. Kwenye kona walifunga waya wakatundika pazia la buluu lililotolewa ukumbini, nyuma yake kiti kimoja na kipaza sauti. Mashahidi walipitishwa ngazi ya nyuma, kando ya stoo ya mafagio, wakaketi nyuma ya pazia wakawa namba. Hakuna jina lililosemwa. Majina yalikuwa kwenye bahasha moja iliyofungwa, na bahasha ilikuwa kwa Mwenyekiti.

Mashahidi wengi walikuwa kama watu wote wanaoogopa, wanaanza sentensi na hawaimalizi. Shahidi wa Tisa hakuwa hivyo. Mama Mkato aliona viatu vyake tu chini ya pazia, vyeusi, vimepigwa rangi hadi kwenye soli. Alikuwa mpimaji kwenye mizani ya malori barabara kuu. Alieleza jinsi malori ya watu fulani, ambao njiani wanaitwa Wenyewe, yanavyopimwa: lori linapanda mizani nusu, magurudumu ya nyuma yako chini bado, na mpimaji anatakiwa abonyeze hapo hapo. Mashine inatoa karatasi ya nusu lori, karatasi inagongwa muhuri, na ile nusu nyingine inakwenda na mzigo wake ambao hakuna serikali iliyouona. Mpimaji aliyekuwapo kabla yake alihoji. Walimkuta mtaroni.

"Na wewe walipokufuata uliwaambiaje?" Mwenyekiti aliuliza.

"Mheshimiwa, nikawakatalia. Nikawaambia hapana, kwa herufi kubwa." Nyuma ya pazia akavuta pumzi. "Wakaniambia wao hawajui kusoma."

Chumba kizima kilicheka, hata wale watatu wa kunyamaza. Mama Mkato aliyeyasikia maneno ya watu kwa miaka thelathini na mitano aliinua kalamu kidogo, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Na mtu yule aliendelea hivyo hivyo kwa saa mbili na robo. Aliogopa kwa herufi kubwa. Mke wake alimwuliza mbona halali, akamdanganya kwa herufi kubwa. Alibonyeza, ndiyo, alibonyeza mara kumi na nne, na kila mara aliandika namba ya lori kwenye kiganja, kwa herufi ndogo. Wanajopo walipotoka kwenda kunywa chai, Mama Mkato alibaki akipitia daftari lake, akijihisi kama mtu aliyepewa zawadi. Alimpenda shahidi yule. Hakumjua, hakuwahi kumwona uso, lakini alimpenda kwa maneno yake, na tangu hapo akaingoja siku ya kuyachapa.

Ripoti ilipofikia kuandikwa, pakazuka ubishi. Mbele ya jopo zima, Katibu alitaka ushahidi wote ufupishwe.

"Mama yangu, kurasa mia nne nani atasoma? Tuandike hivi: 'Shahidi alieleza kwamba alikataa, lakini alitishiwa.' Basi, imekwisha."

"Hakusema hivyo."

"Maana si ni ile ile?"

"Mwanangu, mimi nimeajiriwa kuandika walichosema. Maana watajitafutia wenyewe." Kisha akawasimulia habari ya seremala, jambo ambalo hakuwahi kulisimulia ofisini. Profesa akasema sauti ya mwananchi lazima isikike kama ilivyo. Mwenyekiti akafuta miwani, akaamua: maneno ya mashahidi yasiguswe, yaondolewe majina tu. Mama Mkato alirudi mezani kwake akiwa na furaha ya mshindi. Hakuwa mtu wa majivuno, lakini siku ile alijivuna.

Na kazi ya kuondoa majina aliifanya mwenyewe, kwa uangalifu wote aliokuwa nao. Alifuta jina la barabara, akafuta mji, mwaka, idadi ya watoto, kabila la msimamizi, rangi ya lori. Aliyapitia mara tatu. Alifuta kila kitu cha mtu yule isipokuwa mtu mwenyewe. Hakuna mmoja kati ya watu saba wa chumba kile, wenye shahada zao na vyeo vyao, aliyefikiri kwamba mtu anaweza kutambulika kwa mdomo wake. Walikuwa watu wa karatasi, na kwenye karatasi mtu ni jina, namba na anwani.

Ripoti ilikabidhiwa Ijumaa, kukawa na picha na kupeana mikono. Jumapili, magazeti yalichapa vipande vyake. Gazeti lililouzwa kuliko yote liliweka kichwa cha habari ukurasa wa kwanza: WAO HAWAJUI KUSOMA. Chini yake safu mbili nzima za Shahidi wa Tisa, neno kwa neno, mkato kwa mkato.

Jumapili ndiyo siku ambayo binti yake Mama Mkato na mumewe walikuja kula mchana. Mkwe alikuwa dereva wa malori ya masafa, mwanaume mwenye kicheko kikubwa, na mbele ya mama mkwe wake alikizuia kidogo kwa heshima. Siku ile kilimshinda. Alikuwa na gazeti pembeni ya sahani.

"Mama, hebu sikiliza hii." Akasoma ile ya kukataa, akacheka hadi akaweka kijiko chini. "Huyu namjua! Huyu ni Herufi Kubwa!"

"Nani?" Mama Mkato aliuliza. Alidhani hakusikia vizuri.

"Jamaa wa mizani, ile ya kule kwenye mteremko. Mama, hakuna dereva asiyemjua. Ukimwuliza lori limezidi, anakwambia limezidi kwa herufi kubwa. Ukimsalimia, hajambo kwa herufi kubwa. Wameandika eti Shahidi wa Tisa! Wa tisa wapi, huyu ni yeye mtupu!"

Binti akacheka naye. Mama Mkato akalivuta gazeti kwake.

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani tena? Nimelipiga picha gazeti, nikalitupia kwenye kikundi chetu cha madereva tangu asubuhi. Watu wamevunjika mbavu."

"Kwenye kikundi mko wangapi?"

"Mia mbili na kitu."

"Futa."

"Mama?"

"Nimesema futa!"

Katika miaka tisa ya ukwe mama yule hakuwahi kumpandishia sauti. Mkwe akachukua simu, akafuta, na simu ikaendelea kulia mkononi mwake, maana wenzake walikuwa wamekwisha kuisambaza kwingine na walikuwa bado wanacheka. Alikuwa anajua mama mkwe wake ameazimwa jopo gani. Kicheko kilimtoka usoni taratibu, akasukuma sahani.

"Mama, niwashe gari?" alisema kwa sauti ya chini. "Ni mwendo wa saa moja na nusu tu. Tukamwambie aondoke."

Sasa hapa ndipo penye mambo. Mama Mkato alikuwa amekula kiapo cha siri: asimtafute shahidi, asimkiri shahidi, asimwambie mtu yeyote kwamba fulani ndiye. Kumfuata ilikuwa kumtaja. Na kama mkwe amekosea? Na kama ziara yao wenyewe ndiyo ingewaonyesha Wenyewe njia? Alisimama katikati ya chumba chake akiwa na kitambaa cha meza mkononi, akafikiri kama alivyofikiri maisha yake yote.

"Hapana," akasema. "Kwanza nimwulize Katibu. Kuna utaratibu."

Alimpigia Katibu mara kumi na moja. Ilikuwa Jumapili, simu iliita hadi ikachoka. Akamwandikia ujumbe, akaufuta, akauandika upya bila kutaja kitu: "Naomba unipigie, ni muhimu." Kisha akaketi kwenye kiti karibu na dirisha, simu mapajani. Laiti angesema twende. Mimi ninayesimulia nimelizungusha neno hilo mara nyingi kichwani, na naamini yeye amelizungusha mara nyingi zaidi.

Jumatatu saa mbili kasoro alikuwa kwenye mlango wa ile maktaba. Ulikuwa na kufuli. Kupitia kioo aliona meza zimetenganishwa, kila moja imerudishwa idara yake, pazia limeondolewa na waya umebaki ukining'inia. Alimkuta Katibu wizarani kwake, jengo la pili, nyuma ya meza ndogo yenye mafaili ya habari nyingine kabisa. Kijana aliinuka haraka, akamwachia kiti.

"Shikamoo mama. Samahani, nimeona simu zako asubuhi hii."

"Marahaba. Shahidi wa Tisa amejulikana."

Alimweleza yote. Katibu alikunja uso, akafungua tai. Hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri liandikwe hapa, kwa sababu baadaye watu walimsema sana.

"Mama, tatizo ni kwamba jopo halipo tena. Lilikwisha Ijumaa, lilipokabidhi ripoti. Mimi hapa ni ofisa mipango tu."

"Na mashahidi?"

"Mashahidi walikuwa wa jopo."

"Ndiyo. Sasa ni wa nani?"

Katibu akavuta ripoti kutoka rafuni, akaifungua, akapitisha kidole kurasa za mwisho. "Pendekezo la kumi na nne," akasoma. "'Serikali ianzishe utaratibu wa kuwalinda mashahidi wa makosa ya magenge.' Limo, mama. Tumelipendekeza." Alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia. Pendekezo hilo Mama Mkato alilichapa kwa mikono yake mwenyewe.

"Mwenyekiti ana bahasha. Mpigie."

"Mwenyekiti alisafiri juzi. Amealikwa nje kuielezea ripoti." Akavuta karatasi. "Nitaandika dokezo kwa Katibu Mkuu, sasa hivi, na nitaweka neno haraka juu."

Mama Mkato alimwangalia akiandika tarehe, mwandiko mzuri, ukurasa safi, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alichukia karatasi. Aliondoka bila kuaga na bila kusaini kitabu cha wageni. Mlinzi alimwita, "Mama, hujajitoa!" na yeye alikuwa amekwisha kufika barabarani, anampigia mkwe wake.

"Washa gari."

Mkwe alikuwa amepewa mapumziko siku ile, au alijipumzisha, hakusema. Walifika mizani saa tano na nusu. Ni bamba la chuma na zege katikati ya vumbi, pembeni kibanda cha mabati chenye dirisha la kioo lenye tundu, malori yamepanga foleni hadi juu ya mteremko, injini zinaunguruma. Nyuma ya kioo alikaa mtu mwingine, asiyeinua macho.

"Namtafuta mwenzako," Mama Mkato alisema kwenye tundu.

"Hajafika leo. Hajaaga."

Dereva mmoja aliyekuwa kwenye foleni alichungulia kutoka juu ya lori lake. "Herufi Kubwa keshakuwa staa, bibi! Anawakimbia mashabiki!" Foleni ikacheka. Mkwe alimjibu dereva yule tusi ambalo hajawahi kulitamka mbele ya mama mkwe wake, na Mama Mkato hakulisikia. Mwanamke aliyeuza chai kando ya kibanda ndiye aliyewaonyesha nyumba, vyumba vya kupanga mwisho wa kinjia, mlango wa kijani.

Mke wa mpimaji alikuwa anapiga pasi. Alikuwa mwanamke mwembamba wa kama miaka thelathini, mtu wa kutabasamu kabla hajajua ni nani. "Karibuni, karibuni ndani. Shikamoo mama." Mkwe alikataa kuingia, akabaki nje kwenye gari, kichwa kwenye usukani. Mama Mkato alipewa kiti pekee chenye mto, na kabla hajasema kitu alipewa chai.

"Mume wangu ametoka," mke alisema. "Asubuhi, kama saa moja. Walikuja wenzake wawili na gari. Wastaarabu sana. Walimwamkia kwa utani wake ule wa herufi kubwa, wakacheka hapo mlangoni. Nikajua ni wa kazini."

"Na yeye alicheka?"

Mke alifikiri, pasi mkononi. "Hapana," akasema. "Sasa unavyouliza. Hapana. Alirudi ndani kuchukua koti na jua lote hili. Akasimama hapo ulipo. Nikamwambia utachelewa kurudi? Akasema, 'Sijui.' Basi. Yeye kila siku ana maneno, leo akasema sijui tu."

Mama Mkato alitafuta mahali pa kuweka kikombe, hakupaona, akaendelea kukishika. Alitaka kulia, akajikaza, kwa kuwa aliona hana haki ya kulia kwanza katika nyumba ile.

"Mama," mke akasema, na tabasamu lilikuwa linapungua. "Samahani, sijakuuliza. Wewe ni nani yake?"

Angeweza kusema shangazi. Angeweza kusema anatoka ofisi ya mafao. Kiapo kilimtaka aseme hivyo. Lakini alifungua mdomo akasema yote, tangu pazia hadi gazeti, kwa utaratibu, bila kuruka, kama mtu anayesoma kumbukumbu. Mke alikuwa amesimama. Hakujua hata kwamba mumewe aliwahi kwenda mjini kutoa ushahidi. Alikuwa ameambiwa ni semina.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemwandika."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na walitaka kubadilisha, ukakataa."

"Nilikataa."

"Ungeandika tu alikataa. Kama watu wengine wanavyokataa."

"Ningeweza."

Pasi ilianza kuunguza nguo na hakuna aliyeitazama. Kisha mke akaja hadi kwenye kiti, akanyoosha mkono, akamwondolea Mama Mkato kikombe, chai ikiwa bado nusu. Hakukinyakua. Alikichukua kama unavyomchukulia mtoto kitu ambacho si chake.

"Kaa hapo," akasema. "Akirudi, utamwambia mwenyewe."

Alikaa. Alikaa mpaka jua lilipogeuka upande wa pili wa mlango, mpaka mkwe alipoingia akasema wampeleke yule dada kituo cha polisi. Polisi wa zamu alisema mtu mzima kutoonekana tangu asubuhi si kesi bado. Siku ya tatu ikawa kesi. Siku ya tisa mtu mmoja akahojiwa, akaachiwa. Dokezo la Katibu lilirudi kutoka juu limeandikwa pembeni: Nimeona. Ripoti yenyewe ilisifiwa sana huko nje, na Mwenyekiti aliporudi na bahasha yake, haikufunguliwa, kwani jina lilikuwa limekwisha kujulikana na kila mtu.

Mama Mkato amestaafu sasa. Walimfanyia sherehe fupi, mkubwa mmoja akasema mama huyu hajawahi kukosea neno, watu wakapiga makofi, naye akaangalia chini. Mkwe wake aliomba abadilishiwe njia. Anapita barabara ya kaskazini, ndefu zaidi, na nyumbani hasomi gazeti kwa sauti tena.

Kila Jumamosi, kwa miezi sita sasa, Mama Mkato anapanda basi hadi kwenye ule mteremko, anashuka, anatembea hadi mlango wa kijani. Anabisha, anafunguliwa. Anaketi kwenye kiti chenye mto. Mke hamfukuzi, wala hamkaribishi, na chai hajapewa tena. Anakaa saa tatu au nne, mikono mapajani, kisha anaaga na kuondoka. Kuna siku wanabadilishana maneno mawili matatu kuhusu polisi, kuna siku hakuna neno.

Jumamosi iliyopita jirani alikuja kuazima pasi, akamwona yule yule kwenye kiti kile kile.

"Huyu mama simkosi kila wiki. Ni ndugu yenu?"

"Hapana," mke alisema, bila kuacha kukunja nguo. "Anamsubiri mume wangu."

"Maskini! Kama wewe tu, dada yangu."

Mke akaliweka shati alilokuwa analikunja, akamtazama Mama Mkato kwa mara ya kwanza siku ile.

"Si kama mimi," akasema. "Mimi namsubiri arudi. Huyu anasubiri asamehewe."